Mpangaji Aliyekufa Mara Nyingi

Bertrams, Johannesburg
12 Machi 2016

Kaka Polycarp, shikamoo.

Barua hii anakuletea Tabia, yule mwenye duka la vitenge Mayfair. Basi lake likisimama Msamvu, hapo Morogoro, atashuka kukuulizia. Simu najua huisikii, mashine za sinema ziliyamaliza masikio yako, na ujumbe wa simu wajukuu zako wanausoma kabla yako. Kwa hiyo nimeshika kalamu.

Nina mpangaji mpya na sielewi nimempokea nani. Tangu mume wangu Mselem afariki, nyumba nzima tulibaki mimi na binti yangu Eva, na chumba cha uani anakaa Jacques, Mkongo wa Lubumbashi anayeendesha magari ya watu wanaorekodi tamthilia. Mwaka jana aliwaendesha wageni kutoka London. Kazi ilipokwisha wote wakapanda ndege, isipokuwa mzee mmoja. Jacques akamleta hapa na sanduku lake. "Mama," akaniambia, "huyu muzee ni mutu muzuri. Balimuacha yeye moya." Baadaye nikajua hakuachwa. Alikataa kuondoka.

Jina lake Idwal Probert. Si Mwingereza, anasema, ni mtu wa Wales, na ukikosea anakurekebisha kama mwalimu. Umri unakaribia themanini. Mstaarabu, kikombe chake anaosha mwenyewe. Lakini kaka, maneno yake! Wiki ya kwanza aliniambia alikuwa daktari wa gereza, akamtorosha mfungwa kwa kumwandikia cheti cha kifo. Nikamheshimu. Wiki iliyofuata alikuwa padri kwenye nchi ya theluji, akaficha watoto chini ya altare wakati wa vita. Jumapili iliyopita akanieleza, machozi yakimlengalenga, jinsi alivyoanguka kutoka darajani.

"Uliumia?" nikamuuliza.

"Nilikufa," akasema, akaendelea kunywa chai.

Eva ananiambia, "Eish, Mama, tapeli huyo, mtoe." Ananiambia kwa Kiingereza, unawajua watoto wa huku, Kiswahili wanakisikia tu. Mimi utapeli siuoni. Tapeli huwa na hadithi moja aliyoipiga pasi vizuri. Huyu anazo nyingi, na hakuna anachoomba. Wewe umekaa na picha za Kizungu maisha yako yote. Nimeweka picha ya sura yake humu ndani. Unamfahamu?

Mdogo wako,
Cecilia


Morogoro
10 Aprili 2016

Mdogo wangu Cecilia,

Marahaba, na marahaba tena! Nilipoitoa ile picha kwenye bahasha nilipiga ukelele hata shemeji yako akadhani tumefiwa. Cecilia, huyo ni Masikio!

Humkumbuki? Ulikuwa ukija sinema na shangazi siku za Jumamosi. Jina lake hatukulijua, maana liliandikwa mwishoni kabisa na watu wameshasimama wanatafuta ndala zao. Tukamwita Masikio, na ukimtazama utaona hatukumwonea. Hakuwa stering, yule shujaa wa picha, hata siku moja. Stering hafi. Masikio kazi yake ilikuwa kufa. Nimemwona akipigwa risasi, akinyongwa, akizama mtoni, akinyweshwa sumu kwenye karamu. Akitokea tu na koti lake, ukumbi mzima: "Masikio, kimbia!" Hakukimbia.

Daktari wa gereza ni picha. Padri wa theluji ni picha. Daraja ni picha, tena tuliionyesha mpaka mkanda ukachoka. Kwa hiyo hakudanganyi. Nadhani umri umemchanganyia mambo, aliyoyaigiza na aliyoyaishi hawezi tena kuyatenga.

Mtunze, mdogo wangu. Na umuulize swali langu moja, nimelibeba tangu ujana. Kwenye picha ya daraja, kabla hajaanguka, kwa nini alitabasamu? Mwalimu mmoja wa sekondari alituambia ile ni amani ya roho. Mimi sikuridhika.

Kaka yako,
Polycarp


Bertrams
2 Juni 2016

Kaka, shikamoo. Nilimsomea barua yako nikiigeuza Kiingereza mstari kwa mstari. Alikaa muda mrefu ameshika magoti. "Morogoro," akawa anasema. "Walinijua Morogoro." Kisha akaniomba nimwandikie. Maneno yafuatayo ni yake, Kiswahili ni changu. Cecilia.

Bwana Polycarp,

Mimi ni mtoto wa kijiji cha machimbo, kaskazini mwa Wales. Kwetu watu waliupasua mlima kuwa vigae vyeusi vya kuezekea nyumba za watu wengine. Baba yangu alilikohoa vumbi lile mpaka likammaliza. Nyumbani tulisema Kiwelisi. Kiingereza nilikikuta shuleni, kama kiatu cha mtu mwingine, na mpaka leo kinanibana.

Kanisani kwetu watoto walishindanishwa kughani mashairi. Nilishinda nikiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo sikuwa na faida yoyote machimboni. Nikaenda London, nikaigiza jukwaani, nikala mkate mkavu. Mwongozaji wa kwanza wa filamu alinitazama uso akawaambia wenzake, "Huyu hakuna msichana atakayempenda, lakini anauawa vizuri." Ndiyo ikawa riziki yangu kwa miaka zaidi ya arobaini. Mama Eva amenifundisha neno lenu, stering. Basi mimi kazi yangu ilikuwa kufa ili stering apate sababu.

Kuhusu tabasamu. Chini ya daraja walipanga magodoro juu ya mbao, na seremala wake alikuwa mtu wa kijijini kwetu. Nilipofika ukingoni akanipigia kelele kwa Kiwelisi, "Idwal, ukivunja mbao zangu nitamwambia mama yako!" Mama alikuwa ameshafariki, na yeye alijua. Nikatabasamu, nikaanguka. Haikuwa kwenye maandishi, lakini mwongozaji akaiacha. Mwalimu wako mpe pole zangu.

Na mimi nikuulize. Nilipokufa, kuna aliyelia?

Idwal Probert


Morogoro
30 Juni 2016

Mdogo wangu,

Mwambie walilia. Mwambie kwenye ile ya sumu kuna mama alisimama akamtukana mwenye karamu mpaka nikasimamisha mashine. Seremala! Nimecheka siku mbili nzima. Miaka yote hiyo tulikuwa tunatazama mtu anayemkumbuka mama yake.

Polycarp


Bertrams
19 Februari 2017

Kaka Polycarp, shikamoo.

Habari za safari hii si nyepesi. Mwezi uliopita mzee alitoka bila kuaga. Jacques alimkuta kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, karibu na uwanja wa Ellis Park, amesimama katikati ya barabara akiongoza magari kwa mikono kama polisi wa zamani. La ajabu, teksi zilikuwa zinamtii. Dereva mmoja akampungia, "Sharp, baba!" Tukampeleka kliniki. Daktari akasema ni ugonjwa wa kusahau, na hauna kurudi nyuma.

Sasa kuna jambo jingine. Ameniambia kwa nini alikataa kupanda ile ndege. Ana binti, kaka, hapa hapa Johannesburg.

Anasema zamani, sheria za ubaguzi zikiwa bado zipo, alikwenda kuigiza Swaziland, na kampuni ikachukua fundi cherehani kutoka huku, mwanamke wa Kikaladi, chotara wa huku, aitwaye Dorothea, wa kushona nguo za waigizaji. Wakapendana. Kule Swaziland waliweza kutembea pamoja. Huku Johannesburg hata benchi moja wasingekaa. Mwaka uliofuata alirudi kwa kazi nyingine akamkuta Dorothea amezaa. Mtoto wakamwita Olwen, jina la kwao Wales. Ikafika siku ya kuondoka. Anaieleza kila mara vilevile: Dorothea amesimama getini, mtoto yumo kwenye blanketi la njano, na yeye yuko barabarani, anavua kofia, anainyanyua juu, anakwenda. Akifika hapo mkono wake unavua kofia ambayo hajaivaa.

Baada ya hapo, anasema, ikaja kazi, akaja mke huko kwao, ikaja aibu. Mke alipofariki ndipo akaikubali ile tamthilia ili aje kutafuta. Lakini mtaa umempotea. Leo ni Bosmont, kesho anataja jina ambalo hata Jacques hajawahi kulisikia.

Ananiuliza kila asubuhi kama tunakwenda leo. Nianze kutafuta? Nikipiga hodi kwa watu nitasema nini? Eva hataki hata kulisikia. "Mama, huyu si wa kwetu," anasema. Mimi sijui la kufanya. Nisaidie.

Cecilia


Morogoro
15 Machi 2017

Mdogo wangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza. Hiyo ni picha.

Nimeionyesha kwa mikono yangu, mwaka themanini na tano au na sita. Masikio ni mpima ardhi, amekuja Afrika, amempenda mwanamke wa huku na kuzaa naye. Mwishoni mwanamke anasimama getini na mtoto kwenye blanketi la njano. Masikio anavua kofia, anainyanyua, anakwenda zake. Ndiyo picha pekee ambayo hakufa, ndiyo maana haijanitoka kichwani.

Kila kitu kimo, Cecilia: geti, blanketi, kofia. Ni daktari wa gereza yuleyule na padri yuleyule. Usiende Bosmont kupiga hodi kwa watu ukiwa umebeba sinema mkononi. Utamkuta mwanamke na heshima zake, umwambie baba yake ni mzungu fulani, halafu? Wapo watakaokufukuza. Wapo pia watakaokuamini, na hapo ndipo pabaya zaidi, maana utakuwa umewapa baba ambaye hayupo.

Mwambie taratibu. Si haki mtu ateseke kwa ajili ya picha.

Polycarp


Bertrams
8 Julai 2017

Kaka, shikamoo.

Nilimwambia. Nilingoja siku aliyoamka na akili timamu, nikamwekea chai, nikakaa mbele yake.

"Baba Idwal," nikasema, "ile ya getini ilikuwa picha. Kaka yangu aliionyesha Morogoro."

"Picha?"

"Ndiyo. Wewe ulikuwa mpima ardhi."

Akafikiri. "Kweli, nilikuwa mpima ardhi. Na mtoto?"

"Mtoto wa picha, Baba."

Akautazama mkono wake, ule unaovua kofia, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nikadhani atalia. Badala yake akaniuliza, "Niliigiza vizuri?" Nikamjibu kwamba kaka anasema watu walitoka wanafuta macho. "Basi, sawa," akasema. Tangu hapo hajauliza tena kama tunakwenda.

Nilidhani nitapumua. Sijapumua. Alikuwa na sababu ya kuvaa viatu asubuhi, sasa havai. Kiingereza kinamtoka polepole, kimebaki Kiwelisi. Ananisemesha Kiwelisi, namjibu Kiswahili, na siku zingine nahisi tunaelewana kuliko zamani. Siku zingine naondoka mezani nikiwa sijui nimekubali nini.

Jacques aliyapata mawasiliano ya mpwa wake huko kwao. Atakuja kumchukua kabla ya Krismasi, wamempatia nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Eva, aliyekuwa akisema mtoe, ndiye anayelia chumbani.

Cecilia


Morogoro
21 Oktoba 2017

Mdogo wangu Cecilia,

Barua yako ya Julai nimeipata wiki hii tu. Huyo Tabia sasa anapitia Lubumbashi kwanza. Nafurahi mzee atarudi kwa watu wake.

Lakini kuna jambo limenikaa kooni. Juzi nilimtembelea Alexis, yule tuliyekuwa tunapokezana mashine. Amepofuka, ila ukimtajia picha yoyote anaiona. Nikamtajia ya geti. Akacheka. "Ile waliyobadilisha mwanamke?"

Nikakumbuka, Cecilia. Picha nzima mwanamke wa Masikio ni mrefu, ana shingo ndefu, mwigizaji hasa. Pale getini ni mwingine. Mfupi, kitambaa kichwani, anaonekana kwa mbali, na mtoto amemshika kama mtu aliyezoea kumshika. Watu walikuwa wakipiga kelele, "Wamebadilisha!" Mimi na Alexis tulisema Wazungu ni wavivu, tukacheka.

Na jingine. Masikio anainyanyua kofia, anakwenda, halafu anageuka mara ya pili. Ule uso wa mara ya pili... Nimemwona akifa kwa kila namna. Uso ule sikuwahi kuuona kabla wala baada.

Labda si kitu. Labda yule mrefu aliumwa tu siku hiyo, wakamweka yeyote. Lakini kwa nini wamweke yule? Na mtoto alikuwa wa nani? Mimi nilikwambia kwa uhakika, na huo uhakika sasa sinao. Usimwambie mzee chochote mpaka uniandikie.

Polycarp


Bertrams
14 Januari 2018

Kaka,

Tabia alibaki Dar akimuuguza mama yake, amerudi juzi. Barua yako nimeisoma jana, nimesimama dukani kwake Mayfair, kati ya majora ya vitenge, mpaka akaniletea kiti.

Mzee ameshaondoka. Mpwa wake alikuja mwishoni mwa Novemba. Kijana mpole, alinishukuru sana, akaniletea biskuti za kwao. Asubuhi ile mzee alivaa viatu mwenyewe. Alidhani anakwenda kazini. Kwenye mlango wa gari akaniuliza kitu kwa Kiwelisi, nami nikaitikia "ndiyo, Baba," kama nilivyozoea. Sijui niliitikia nini.

Nilikuwa na uwezo wa kutafuta, kaka, naye akiwa hapa, mguu kwa mguu na mimi. Sikulaumu. Uliniambia ulichokiona kwa macho yako. Ila sasa sijui nimshike yupi, wewe wa Machi au wewe wa Oktoba.

Nimemwambia Jacques tuanze kuuliza.

Cecilia


Bertrams
3 Juni 2018

Kaka Polycarp, shikamoo.

Keti kabla hujaendelea.

Jacques aliuliza kwa watu wa mavazi, mmoja akampeleka kwa mwingine, mpaka tukafika katikati ya mji kwa bibi anayekodisha nguo za kuigizia kwenye ghorofa la zamani ambalo chini yake pana kanisa. Nikamtajia Dorothea fundi cherehani, aliyewahi kufanya kazi Swaziland. Akavua miwani. "Dorothea amefariki, mwaka wa tisa huu," akasema. "Mnamtafuta nani, Olwen?"

Alilitaja yeye, kaka. Mimi jina hilo nilikuwa sijalitoa mdomoni.

Olwen anafundisha shule ya msingi Bosmont. Tulimkuta nyumbani kwake Jumamosi, anaanika nguo. Nikamweleza yote, Jacques akinisaidia Kiingereza kiliponikimbia. Alisikiliza akiwa ameshika shati bichi, maji yanamdondokea miguuni.

"Alikaa wapi?" akauliza.

"Kwangu. Bertrams."

"Bertrams." Akaangalia upande wa mjini. "Mimi hupita Bertrams kwenda kwa daktari wa meno. Na akakwambia jina langu?"

"Alinitajia."

"Na wewe ukamwambia mimi ni sinema."

Jacques akaanza, "Madame, Mama hakujua..." Olwen akamnyamazisha kwa mkono. Akatuambia tutoke. Tukatoka. Tulikuwa tumeshafika kwenye gari alipotufuata, bado na lile shati.

Akaniambia hivi, naandika kama alivyosema: "Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Mama baba yangu ni nani. Akasema, ni mtu wa kwenye filamu, na wewe pia umo, nilikushika mwenyewe siku mwigizaji alipougua. Siku ileile baba yako aliondoka. Neno hilo nikalipeleka shuleni, wakanicheka mwaka mzima. Nikaona ni hadithi wanayopewa watoto walioachwa. Mama alipokuwa anakufa alilirudia, nikamwambia, Mama, pumzika, achana na filamu."

Hapo ndipo alipolia, kaka, na mimi nikalia naye, palepale barabarani, majirani wakitutazama juu ya uzio.

Kwa hiyo ilikuwa picha, na ilikuwa kweli, siku moja, geti moja. Nalizungusha kichwani kila siku na bado linanipotea. Olwen hana hiyo filamu. Mama yake hakuwahi kuipata, na huku haijulikani. Anauliza kama wewe uliyeiona unaweza kumwandikia.

Cecilia


Morogoro
1 Julai 2018

Binti yangu Olwen,

Dada Cecilia atakusomea. Mimi ni Polycarp, nilikuwa mwendesha mashine za sinema. Sikuwahi kufika kwenu, lakini nimekuona ukiwa mchanga mara nyingi kuliko ndugu zako wengi.

Blanketi lako lilikuwa la njano, lina upindo mweupe. Mama yako hakukunyanyua juu ili watu wakuone, kama wafanyavyo waigizaji. Alikufunika jua kwa kiganja. Baba yako akasimama barabarani, akavua kofia, akainyanyua. Akaenda. Halafu akageuka tena, na alipogeuka akapiga hatua moja kurudi kwenu. Hatua moja tu, kisha mkanda ukaisha. Watazamaji wetu walikuwa wakimwambia, "Rudi, Masikio! Rudi!" Watu wa Morogoro walimwambia arudi, binti yangu, kila tulipoionyesha, ukumbi mzima. Nilitaka ulijue hilo.

Mimi ndiye niliyesema ni picha tu. Nililolisema nililiona, lakini sikuliona vizuri.

Mzee Polycarp


Bertrams
24 Februari 2019

Kaka Polycarp, shikamoo.

Olwen amekwenda Wales. Aliitafakari kwa miezi, mara anakwenda, mara haendi, mara anasema mtu aliyegeuka mara mbili angeweza kugeuka na ya tatu. Sikumshauri. Ushauri nimeacha. Wiki mbili zilizopita akapanda ndege, na jana amenipigia simu.

Kijiji ni kama alivyotueleza, mlima umekatwa ubavu na mvua haiachi. Mpwa alimpokea vizuri, ingawa alimwangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kumweka. Mzee amekonda. Anakaa dirishani. Kiingereza hana tena hata neno moja, ana Kiwelisi tu, na yuko muuguzi wa palepale anayemfasiria.

Siku ya kwanza Olwen alijitambulisha. Mzee akamwinamia kwa adabu, akageukia dirisha. Siku ya pili alimpelekea picha ya Dorothea. Akaishika kichwa chini, akairudisha. Siku ya tatu, anasema, hakuwa na mpango wowote. Alikuwa amechoka, ana mafua ya baridi, amekaa kwenye kiti cha plastiki na koti lake, na ghafla akaanza kulia, si kilio kizuri, kile cha makamasi na kutafuta leso usiione.

Mzee akageuka. Akamtazama kwa muda mrefu sana, anasema, kama fundi anayekagua kazi. Kisha akasema maneno machache.

Muuguzi akacheka kidogo.

"Amesemaje?" Olwen akauliza.

"Anasema, huyu haigizi."

Olwen akamuuliza muuguzi kama ni sifa au ni lawama. Muuguzi akasema hajui, kwa Kiwelisi ni hivyo hivyo tu. Akamuuliza kama mzee amemtambua. Hajui pia. Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono, akaushika upindo wa koti la Olwen, akabaki ameushika hadi chakula kilipoletwa.

Ndiyo yote, kaka. Hakumwita jina. Hakusema binti yangu. Olwen ananiuliza mimi maana yake nini, kana kwamba mimi ndiye ninayejua Kiwelisi. Alitakiwa arudi Jumatano iliyopita, watoto wa darasa lake wanamngoja, na mwalimu mkuu ameshapiga simu mara mbili.

"Nifanye nini, Auntie?" akaniuliza.

Nilikwambia ushauri nimeacha. Nikasikiliza mvua ya kule kwenye simu. Kisha nikamwambia abaki.

Mdogo wako,
Cecilia